Sungura Mzee Anapoburuta Miguu ya Nyuma: Anza na Mkia, Sakafu na Tumbo

Swali ni lile lile, liwe limetoka Nyegezi, Buhongwa, Igoma au Sengerema, hapa mkoani Mwanza: sungura wetu wa siku nyingi ameanza kuburuta miguu ya nyuma, tumpe dawa gani? Wengine wanauliza huku kichupa cha dawa ya ng'ombe kiko tayari mkononi. Kabla hujakifungua, naomba tuelewane jambo moja. Miguu kudhoofu, peke yake, ni nadra kumuua sungura. Kinachomuua ni yale yanayoandamana nayo: mkojo unaoganda kwenye ngozi, nzi wanaotaga chini ya mkia, tumbo linalosimama kwa sababu hafiki tena kwenye chakula, na siafu wanaomkuta usiku hana mbio. Karibu yote hayo unaweza kuyazuia mwenyewe nyumbani, kwa vitu vinavyopatikana sokoni, hata kama miguu haitarudi ilivyokuwa.

Na usishangae kama jirani hakuelewi. Sungura wengi kwetu ni wa nyama, wanachinjwa wakiwa na miezi 3 au 4, kwa hiyo aliyekuuzia huenda hajawahi kumshika sungura wa miaka 7. Lakini yule aliyenunuliwa kwa ajili ya watoto na akapewa jina anaweza kufika miaka 8 hadi 12 akitunzwa. Kuanzia miaka 5 au 6 mhesabu kuwa ameanza uzee.

## Je, imekuja ghafla au polepole?

Hili ndilo la kwanza kujiuliza, maana majibu yake yanakupeleka njia tofauti kabisa.

Ghafla. Jana alikuwa anaruka, leo nusu ya mwili imelala. Hapo fikiria uti wa mgongo. Sungura ana misuli mizito ya nyuma lakini mifupa yake ni myepesi. Akirusha teke kwa nguvu huku kiuno kinaning'inia, anaweza kujivunja mwenyewe. Hutokea anapoinuliwa kwa masikio, mtoto anapomwangusha, au mbwa anapolizunguka banda usiku naye akajirusha kwenye waya kwa hofu. Usimkande, usimnyooshe, usimpe muda "tuone kesho". Mtelezeshe juu ya kipande cha boksi gumu kilichotandikwa taulo, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kama hajakojoa kabisa, haraka iongezeke.

Polepole, kwa wiki na miezi. Mara nyingi ni baridi yabisi ya nyonga, magoti na uti wa mgongo. Dalili zake zinajificha, kwa sababu sungura ni mnyama wa kuwindwa na hazaliwi akiwa mlalamishi:

- amekoma kupanda pale alipozoea kupanda, au anasita kwanza;
- anakojoa pembeni ya mahali pake;
- manyoya ya kiunoni yamechakaa kwa sababu hageuki tena kujilamba;
- mapaja yamekonda, ukipapasa unakutana na mfupa;
- kucha zimerefuka kwa kukosa mwendo, nazo zinazidi kuupinda mguu.

Kuyumba, shingo kupinda, jicho kuwa na ukungu mweupe, mkojo kuvuja. Hapa kuna mtuhumiwa mwingine: kimelea kidogo mno kiitwacho Encephalitozoon cuniculi. Huenezwa kwa mkojo, hukaa kimya miaka mingi kwenye figo na ubongo, kisha hujitokeza mwili unapochoka. Kina dawa, nayo ni ya muda mrefu, nitaifikia.

Nyayo. Kabla ya kuhukumu miguu, geuza nyayo uzitazame. Mabanda yetu mengi yana sakafu ya waya, na sungura mzee aliyekalia waya miaka mitano anaweza kuwa na vidonda vikavu vyenye magamba kwenye visigino. Anayeogopa kukanyaga hutembea sawasawa na aliyedhoofu.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya juu ya mkeka. Mtu mmoja amshike kifua kwa utulivu. Wewe chukua mguu mmoja wa nyuma, kunja vidole ili mgongo wa unyayo uguse mkeka, kisha uachie. Mwenye mishipa mizima ya fahamu ataurudisha mara moja, hata kama ana maumivu. Ukibaki umekunjwa, au akiurudisha baada ya kitambo kirefu, mwambie daktari hivyo hivyo. Ni habari itakayomsaidia kuliko "miguu haina nguvu".

## Dawa: zile za kuziacha dukani

Nisiwafiche, hapa ndipo sungura wengi wanapopotea, tena mikononi mwa watu wanaowapenda.

- Amoksilini na ampisilini za kunywa. Kwa mtu ni dawa ya kawaida. Kwa sungura zinaua bakteria wema wa tumbo, wabaya wanatawala, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Usimpe hata robo ya kidonge.
- Diklofenaki na ibuprofeni za nyumbani. Huumiza tumbo na figo, na kidonge cha mtu hakigawanyiki sawasawa kwa mnyama wa kilo 2.
- Deksamethasoni. Wengine huipenda kwa sababu mnyama huamka haraka. Kwa sungura inashusha kinga, na kama chanzo ni kile kimelea, umekifungulia mlango.
- Dawa ya kuogeshea ng'ombe, na mafuta ya taa. Usimpake wala kumwogesha nazo, iwe kwa kupe, kwa nzi au kwa funza.
- Fipronili ya kuulia viroboto wa mbwa. Ni hatari kwa sungura.

Na zinazofaa? Maumivu ya baridi yabisi, madaktari wengi hutumia meloksikamu, kwa kipimo cha sungura, baada ya kuangalia hali ya figo. Kimelea nilichokitaja hutibiwa kwa fenbendazoli, kwa kawaida miligramu 20 kwa kila kilo moja ya uzito, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Fenbendazoli ipo kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe, lakini chupa hutofautiana nguvu, na kosa la nukta moja ni mara kumi ya kipimo. Mpime sungura kwenye mizani, nenda na uzito na chupa yenyewe kwa daktari, akuandikie mililita. Na muuzaji akikwambia albendazoli ni ile ile, usikubali. Kwa sungura ina hatari kubwa zaidi kwa damu yake.

## Kumpata daktari, na kumfikisha

Mlango wa karibu ni afisa mifugo wa kata yako. Huenda hajazoea sungura wa kubembelezwa, lakini atakuelekeza kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, lililo chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo hapa Mwanza, na daktari akihitaji kipimo cha maabara anajua pa kuanzia. Shida ikimzidi, mwombe awasiliane na wenzake wa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Simu ya daktari kwa daktari ni nafuu kuliko safari ya sungura mgonjwa kwenye basi.

Muulize haya, na uandike majibu:

1. Tatizo liko kwenye viungo, mishipa ya fahamu au nyayo?
2. Kibofu kinajaa na kutoka chenyewe?
3. Meno ya nyuma yako sawa? Uzee na meno huenda pamoja.
4. Kipimo cha dawa ni mililita ngapi, mara ngapi, mpaka lini?
5. Nikiona nini nirudi bila kusubiri?

Ondoka asubuhi kabla jua halijawa kali. Tumia kikapu au boksi lenye matundu, lililotandikwa taulo ili asiteleze, na chukua bajaji badala ya bodaboda. Usimnyime chakula kabla ya safari. Sungura hatapiki, na tumbo tupu ni hatari kwake. Mliopo Sengerema, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna tena foleni ya kivuko juani, kwa hiyo kisingizio cha safari kimepungua.

## Sakafu

Mtoe kwenye waya. Kama huna banda jingine, funika waya kwa ubao mzima, lakini usikomee hapo, kwa maana ubao mtupu unabaki na mkojo.

Tandiko linalofanya kazi lina tabaka tatu. Chini weka maboksi yaliyokunjuliwa au magazeti. Katikati weka maranda makavu ya kutosha, yale ya fundi seremala, yasiyo na harufu kali ya mbao bichi. Juu weka kipande cha blanketi laini linalopitisha mkojo kwenda chini, ili ngozi ibaki kavu. Siku mbili za mwanzo ingiza kiganja chako chini yake kila asubuhi. Kiganja kikitoka na unyevu, ongeza maranda au badilisha mara mbili kwa siku.

Watu wengi hapa wana pumba za mpunga, maana mashine ziko kila upande na mara nyingi zinagawiwa bure. Zitumie chini kabisa tu. Zina vumbi, hazifyonzi sana, na ncha zake zinachoma ngozi iliyolainika kwa mkojo. Magunia ya katani nayo yana kasoro yake: kucha ndefu hunasa kwenye nyuzi, na mguu dhaifu hauwezi kujinasua.

Ndani ya nyumba, vigae ndiyo adui. Miguu inatanuka pande mbili na mnyama anakata tamaa ya kusimama. Tandaza zulia jembamba au vitambaa vizito vya kukanyagia mlangoni, vishikane njia nzima kutoka anapolala mpaka penye chakula. Chombo chake cha kukojolea kikate ukuta mmoja ubaki kimo cha vidole viwili. Kama kulikuwa na ngazi ya kwenda ghorofa ya banda, iondoe leo.

Bati linahitaji neno. Mchana, chumba cha bati kinaweza kupita nyuzi 30, na sungura hatoi jasho. Aliye mzima hujisogeza kivulini, wako hawezi. Mhamishie upande wa kivuli, weka kando yake chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa, aweze kuiegemea au kuikimbia anavyotaka. Usiku wa Juni na Julai baridi inapoingia, mambo yanageuka: kinga upande mmoja kwa ubao, mwongezee nyasi.

## Chini ya mkia

Hii ndiyo kazi ya kila siku, mara mbili, asubuhi na kabla ya jua kuzama. Msimu wa mvua, na kwa mlio karibu na mwalo au panapoanikwa dagaa, fanya mara tatu.

Keti chini, mweke kati ya mapaja yako akiwa amesimama, kichwa kikitazama nje. Inua kiuno kidogo, pangua manyoya kwa vidole. Unatafuta vitu vinne:

- Ngozi nyekundu yenye unyevu na harufu kali. Mkojo umeanza kuiunguza.
- Kinyesi laini, cheusi, kilichoshikana. Siyo kuhara. Sungura hutoa kinyesi cha pekee, mara nyingi usiku, ambacho hukila moja kwa moja kutoka nyuma ili apate vitamini. Mgongo ukikakamaa hafiki, kinabaki pale. Kiondoe, punguza vyakula vitamu na vya wanga, ongeza nyasi.
- Mayai ya nzi. Meupe ya maziwa, membamba, yamegandana kwenye shina la manyoya kama chenga za mchele. Ukiyaona, kata manyoya hayo sasa hivi. Yanaweza kuanguliwa kabla ya siku kwisha.
- Funza. Hii ni dharura, usiku au mchana. Watoe kwa kibano mmoja mmoja, punguza manyoya, nenda kwa daktari. Usimtumbukize kwenye beseni. Manyoya yaliyolowa yanaita nzi zaidi, na maji yanamtia mshtuko.

Usafi wa kawaida hauhitaji kumwogesha mwili mzima. Osha sehemu ya nyuma tu, kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni ya kufulia. Bonyeza kwa taulo bila kusugua, kausha mpaka chini ya manyoya, kisha paka tabaka jembamba sana la mafuta ya mgando kwenye ngozi nyekundu. Uchafu mkavu unatoka vizuri kwa wanga laini wa mahindi, ule wa kuungia mchuzi. Unyunyize, uupapase, kisha uuchane. Poda ya mtoto iache, anaivuta kwenye mapafu. Manyoya ya ndani ya mapaja yapunguzwe kwa mkasi wenye ncha butu, kidole chako kikiwa kati ya mkasi na ngozi, kwani ngozi ya sungura huchanika kirahisi mno.

## Tumbo

Robo tatu ya chakula chake, au zaidi, iwe nyasi. Kata mabingobingo machanga au nyasi za kawaida, zianike kwenye mwamba au kichanja penye kivuli na upepo, ukizigeuza mpaka zikauke zikiwa bado na rangi ya kijani. Zenye ukungu zitupe. Matembele machache yanafaa kwa kuchangamsha. Epuka majani ya mparachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo na kisamvu kibichi. Usikate nyasi kando ya barabara, kandokando ya Mto Mirongo, wala kwenye bustani zilizopuliziwa dawa.

Gugumaji je, maana limejaa ziwani na ni bure? Kwa sungura mzee, hapana. Linafyonza madini mazito kutoka kwenye maji machafu, na figo za mnyama huyu zimeshachoka.

Ugali, mkate, chapati na pumba za mahindi kwa wingi vinamnenepesha, na kila gramu ya ziada inabebwa na miguu ile ile. Kwa upande wa pili, akikonda ghafla usifurahi. Mpime kila wiki kwenye mizani ya jikoni, uandike kwenye daftari; sungura wa kilo 2 aliyepoteza gramu 200 ni mgonjwa.

Maji yawe kwenye bakuli zito la udongo, lenye kina kifupi, karibu na kifua chake. Chupa ya kuning'inia inamtaka anyooshe shingo na asimame vizuri, jambo ambalo hawezi tena. Akinywa kidogo na kukaa muda mrefu, mkojo unaweza kuwa mzito na mweupe kama chokaa. Lowesha majani kwa maji kabla ya kumpa.

Akipitisha nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura. Wakati unamtafuta daktari, na kama tumbo halijavimba wala kuwa gumu, saga chakula chake cha punje kilicholowekwa, umpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Pitisha pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, mililita 1 kwa kila mkupuo, amalize kutafuna kwanza. Mwenye kilo 2 anatosheka na mililita 20 hadi 30 kwa mlo, milo 4 au 5 kwa siku. Kamwe usimlaze chali.

## Siafu

Mwenye miguu mizima hawangoji siafu, wako anawangoja. Miguu ya banda iwe ndani ya makopo yenye maji au oili chafu, na hakikisha hakuna jani wala kamba inayogusa ukuta ikawa daraja. Mvua zikianza, zungushia majivu na ukague kwa tochi kabla ya kulala. Kama anaweza kulala ndani, alale ndani.

## Mazoezi, bila kumtesa

Misuli isiyotumika inaisha haraka. Asubuhi na jioni, dakika chache juu ya zulia, mwekee jani mbele kidogo alifuate. Akishindwa kusimama, pitisha taulo chini ya tumbo mbele ya mapaja, uinue kiasi cha kumpunguzia uzito tu, nyayo zikigusa chini. Usimning'inize. Kumbeba, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, akiwa amebana kwenye mwili wako. Watoto wambebe wakiwa wameketi chini.

Vigari vya magurudumu mnavyoviona kwenye video vinahamishia mzigo wote miguu ya mbele, ambayo kwa mzee nayo ina baridi yabisi. Nisingekushauri uanze nacho.

## "Si umchinje tu?"

Utaambiwa hivyo, na wengine wanakuambia kwa nia njema. Ufugaji wa nyama ni kazi halali na sina neno nayo. Ila mnyama anayekula vizuri, anayesogea kukupokea na ambaye maumivu yake yametulizwa bado ana maisha yake, na mtoto aliyekua naye anatazama unavyomtendea. Tena akishapewa dawa, nyama yake haifai kuliwa mpaka daktari aseme dawa imeisha mwilini.

"Ataniambukiza?" Baridi yabisi, hapana. Kile kimelea kinaweza kumpata mtu, hasa mwenye kinga dhaifu. Osha mikono kwa sabuni kila baada ya kubadilisha tandiko, na asiye na afya njema amwachie mwingine kazi hiyo. Mwenzake wa bandani usimtenge bila sababu. Kama wameishi pamoja wamekwisha kugawana vimelea, na upweke unamfanya mgonjwa aache kula. Mtenge tu yule anayempanda au kumng'ata.

## Siku ya kusema imetosha

Daftari lile la uzito liongezee mistari mitatu kila jioni: amekula, amekuwa mkavu, ameonyesha kutaka kitu? Zikipita siku kadhaa na majibu mengi ni hapana licha ya dawa, au akisaga meno kwa nguvu huku amejikunyata na kufumba macho nusu, au vidonda vikifika mfupani, mwombe daktari ampumzishe kwa sindano. Sema wazi kwamba unataka alazwe usingizi kwanza. Waambie watoto ukweli kabla, siyo "ametoroka".

Mzike mbali na kisima, shimo lenye kina cha kuwashinda mbwa. Tandiko lichomwe. Kuta na sakafu za banda zioshwe kwa maji yanayochemka, kisha kwa jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, liachwe juani. Usiingize sungura mwingine mapema. Mbegu za kile kimelea huweza kukaa hai wiki kadhaa mahali penye mkojo mkavu.